Wataka Nimwambie Nini?

Simu iliita mara nne kabla ya kupokelewa. Ilikuwa Alhamisi, tarehe 20 Juni 2024, saa sita za usiku zimepita kidogo, nami nimekalia kreti ya soda nyuma ya duka langu, macho bado yanawasha kwa moshi wa vitoa machozi. Jioni ile wabunge 204 walikuwa wameupitisha Mswada wa Fedha, ule wa kodi mpya, kusomwa mara ya pili, 115 wakaukataa, na nambari zao za simu zilikuwa zinazunguka kwenye WhatsApp kama kadi ya harusi. Neno la siku hizo lilikuwa moja tu: salimia. Msalimie mbunge wako. Nikalitafuta jina la wangu kwenye orodha, nikapiga, na simu ilipofunguka sikungoja hata "halo". Nilimimina yote. Na matusi ya Kiswahili mnaijua tabia yake: humruka mwenyewe yakaenda kutua kwa mamake.

Niliponyamaza nivute pumzi nikasikia mtu anakohoa. Halafu sauti ya mwanamke, mtu mzima, taratibu, kama aliyeamshwa usingizini lakini hana haraka.

"Mamake ndimi, mwanangu. Laini hii ni yake, lakini simu ni mimi niwekayo. Yeye hayuko hapa. Wataka nimwambie nini?"

Nikakata.

Kisa hiki nimekisimulia barazani mara nyingi, watu wakacheka nami nikacheka nao. Ninachokiruka kila mara ni kile kimya changu. Yule mama aliniuliza swali jepesi kuliko yote, na mimi, ambaye kutwa nilikuwa barabarani na koo limenikauka kwa kupiga kelele, sikuwa na sentensi moja ya kumpa. Mswada wenyewe nilikuwa nimewachapishia wateja nakala sijui ngapi. Sikuwa nimesoma zaidi ya ile habari ya kodi ya mkate.

Nina saiba ndogo Mwembe Tayari, hapa Mombasa: kompyuta tano, printa mbili, na mashine ya kopi iliyo kongwe kuliko mwanangu wa kwanza. Juni ndiyo mavuno yetu. Kila mwenye PIN ya KRA, mamlaka ya kodi, hukimbilia kufaili ritani kabla ya tarehe 30, hata asiye na kazi, maana asiye na mapato naye lazima atangaze kwamba hana. Kwa hiyo wiki ile ya Idi Kubwa foleni yangu ilikuwa kichekesho: huku watu wanafaili kodi, huku wanachapisha mabango ya kukataa kodi, na wengine wako foleni zote mbili. A3 ya rangi ilikuwa shilingi 50, ukitaka ipigwe plastiki unaongeza. Wengi walitaka plastiki, kwa sababu ya maji ya polisi.

Ukiwa mchapishaji, mpaka kati ya kuandamana na kutukana huusomi gazetini. Unaletewa mezani, umeandikwa kwa mkono kwenye ukurasa wa daftari, na mwenyewe amesimama hapo anangoja. Mabango mengi yalikuwa ya jambo lenyewe: VAT ya asilimia 16 kwenye mkate, ile kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Hizo mbili serikali iliziondoa tarehe 18, lakini watu waliendelea kuzibeba, wakisema aliyekutia mkono mfukoni mara moja usimgeuzie mgongo. Mengine yalikuwa ya kejeli, na hayo niliyachapisha kwa raha zote. "Zakayo" lilikuwa jina la Rais William Ruto mwezi ule, yule mtoza ushuru wa kwenye Injili ya Luka aliyepanda mkuyu. Kina mama wa Majengo walikuwa wananiuliza Zakayo ndiye nani, na mimi, mtoto wa madrasa, nikawa nasomesha Injili mbele ya printa.

Kisha kulikuwa na yale mengine. Kijana mmoja alileta maneno juu ya mke wa kiongozi fulani, mambo ya chumbani. Nikamwambia wino umekwisha. Akaitazama karatasi ya mtu mwingine inayotoka kwenye printa wakati uleule, akanitazama mimi, akaenda zake bila neno. Nilijiona shujaa. Hiyo ilikuwa Jumatano. Alhamisi usiku ndipo mimi mwenyewe niliposema mabaya kuliko yale, kwenye sikio la mama wa watu.

Lakini hata kabla ya simu, Alhamisi hiyohiyo mchana, nilikuwa nimeshatenda jingine.

Tulikuwa Digo Road, karibu na Marikiti. Watu wamebeba makuti ya minazi, nyimbo, filimbi, kinamama wanatoa maji madukani. Polisi walikuwa wamepanga mstari na ngao zao. Mtu akasukumwa, vitoa machozi viwili vikarushwa, tukatawanyika, tukarudi. Niliporudi nilikuwa nimeghadhibika kwelikweli, na nikaanza kuwapigia kelele wale askari. Mwanzo ilikuwa "mnatupiga na kodi yetu". Baadaye, sijui ilitokea wapi, nikasikia mdomo wangu unasema: "Rudini kwenu bara!"

Wachache walidakia. Wengi walinyamaza. Kijana wa makamo ya mdogo wangu aliyekuwa kando yangu alinigeukia akasema, "Kaka, hapana. Si hilo." Basi, hakusema zaidi, akaendelea na filimbi yake.

Kwa asiyekuwa wa Pwani huenda likasikika kama neno la utani. Si utani. Mimi nimekulia Likoni. Tarehe 13 Agosti 1997 nilikuwa na miaka tisa. Usiku ule kituo cha polisi cha Likoni kilivamiwa, askari 6 wakauawa, bunduki zikachukuliwa, na siku zilizofuata waliosakwa nyumba kwa nyumba walikuwa "watu wa bara": Waluo, Wakikuyu, Wakamba, Waluhya. Waliouawa walipita 100, na maelfu kwa maelfu walihama. Nawakumbuka majirani zetu wakielekea feri asubuhi, baba kabeba godoro kichwani, mama kabeba sufuria ambayo ndani yake kulikuwa na ugali wa jana, haujaliwa. Mwana wao tulikuwa tukicheza naye kibemasa. Sikumwona tena. Vita vile viliandaliwa na wakubwa kwa hesabu zao za uchaguzi, hilo lilichunguzwa na kuandikwa, lakini waliokuwa wakiyasema yale maneno uswahilini walikuwa watu wa kawaida, nami nilikuwa nayahifadhi bila kujua.

Siku hizi napanga Mikindani, na kwenye ploti yetu, mlango wa tatu kutoka kwangu, anakaa askari. Konstebo, mtu mrefu, mpole, wa Magharibi mwa Kenya. Askari wengi sasa hupanga uraiani. Mkewe na mke wangu huazimana pasi na mbuzi ya nazi. Mtoto wao huniita anko.

Ijumaa asubuhi nilimkuta kwenye mfereji anajaza mtungi. Macho mekundu kama yangu. Moshi, bwana, haujui nani kaurusha.

"Jirani, jana sauti yako ilikuwa juu," akasema.

Sikujua kwamba alikuwa kwenye mstari ule. Kwenye kofia ya chuma na kioo cha uso wote hufanana. Nikaanza kujitetea, hasira, moshi, unajua tena. Akanikata.

"Ya wezi, ya Zakayo, ya mbwa wa serikali, hayo tumezoea. Kule chuo cha polisi Kiganjo mwalimu alinitukana miezi mingi mpaka nikaanza kuitikia kama ni jina langu. Hayo ukivua yunifomu unayatundika pamoja nayo." Akafunga mfereji. "Lakini kurudi bara. Bara ni wapi? Huyu mtoto amezaliwa Coast General. Nikimwambia turudi kwetu ananiuliza, Mikindani si ndio kwetu?"

Akabeba mtungi wake. Hakuniambia nimwombe msamaha, na mimi sikumwomba siku ile. Nilisimama pale mpaka maji yangu yakafurika.

Nimekaa na neno lake hilo la kutundika yunifomu, na kutokana nalo nimejitengenezea kipimo changu, cha mtu wa saiba, si cha wakili. Najiuliza: huyu ninayemtukana, je, anaweza kuliacha hili ninalomtukania? Mbunge anaweza kesho kupiga kura ya hapana. Askari anaweza kushusha rungu. Waziri anaweza kurudisha alichochukua, au akajiuzulu akalale. Ukimwita mwizi, umemwonyesha na mlango wa kutokea. Lakini hakuna anayeweza kuacha kuwa mwana wa mamake, wala kuacha kuzaliwa Kakamega. Ukimshika hapo humwambii abadilike, unamwambia asiwepo. Na mtu aliyeambiwa asiwepo, mwenye bunduki mkononi, sijui unatarajia akujibu nini.

Sheria nayo ina mstari wake, na nilisomeshwa ndani ya kituo cha polisi saa nne za usiku.

Kijana mmoja wa Majengo alikuwa ameniletea picha ya jeneza. Juu yake kabandika sura ya mbunge, chini kaandika: "Amezikwa na kura yake ya ndiyo." Hilo nilisitasita, kisha nikalichapisha, A3, plastiki. Jumanne ya tarehe 25 akakamatwa nalo. Siku hiyo Nairobi mswada ulipita kusomwa mara ya tatu, 195 kwa 106, waandamanaji wakaingia Bungeni, sehemu ya jengo ikawaka moto, watu wakapigwa risasi nje yake. Kila mtu analijua hilo. Mimi nililisikiliza kwa simu ya mtu mwingine nikiwa kwenye benchi la kituo, pamoja na mamake kijana na wakili mmoja aliyejitolea, mwanamke mdogo, amevaa viatu vya raba na koti la mahakamani.

Afisa wa zamu alikuwa na bango mezani. "Hiki ni kitisho cha kuua," akasema.

Wakili akamwambia: "Afande, soma mstari wa chini."

Yule afisa akavaa miwani. Akasoma kwa sauti, polepole, neno kwa neno, kama mtoto wa darasa la pili: "Amezikwa. Na kura yake. Ya ndiyo." Akatulia. Askari kijana nyuma yake akageukia ukutani, mabega yanatikisika. Nafikiri hata afisa mwenyewe alitaka kucheka, lakini cheo hakikumruhusu. Akaandika kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, kosa la kuzua rabsha, ambalo huandikwa pasipopatikana la kuandika, na saa sita akamwachilia kwa dhamana ya polisi. Mashtaka hayakuja. Bango halikurudi, nasikia lilibaki ofisini muda mrefu.

Tukiwa ukumbini tunangoja, wakili alitueleza mimi na yule mama, naye alieleza vizuri kuliko mwalimu wangu yeyote. Katiba ya 2010, kifungu cha 37: kila mtu ana haki, kwa amani na bila silaha, kukusanyika, kuandamana na kupeleka malalamiko kwa mamlaka. Sheria ya Utulivu wa Umma inataka polisi wapewe notisi, siku 3 kabla na zisizozidi 14, na maandamano yawe kati ya saa kumi na mbili asubuhi na saa kumi na mbili jioni. Notisi, akakazia, si kuomba ruhusa. Kumkejeli mkubwa si jinai: zamani kifungu cha 132 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kosa kudhoofisha mamlaka ya afisa wa umma, na mwanablogu Robert Alai akashtakiwa kwacho kwa aliyoandika Twitter kuhusu Rais Uhuru Kenyatta, lakini mwaka 2017 Mahakama Kuu ilikifuta ikasema hakipatani na Katiba. Mwaka huohuo mahakama ikafuta na jinai ya kumharibia mtu jina. Kiongozi akiona amechafuliwa, aende kortini kudai fidia kama mimi na wewe.

"Lakini mkimrushia askari jiwe," akasema, "hapo ni Jamhuri dhidi yenu. Na mkimtaja kabila mkachochea watu, kuna sheria ya uwiano na utangamano ya 2008. Hapo msinipigie simu usiku." Alitabasamu aliposema hivyo. Mimi sikutabasamu, kwa sababu nilikuwa nafikiria Digo Road.

Mama wa kijana alikuwa kimya muda wote, buibui amejifunika mpaka kidevuni. Mwishoni akamuuliza: "Na wao wakitupiga, wanasomewa hiyo hiyo?"

Wakili akajibu kwamba kuna IPOA, mamlaka ya kusimamia polisi, na kwamba malalamiko yapelekwe huko, pamoja na jina au nambari ya askari. Yule mama akasema, "Wamefunika nyuso, mwanangu, hiyo nambari nitaisoma wapi?" Agosti mwaka ule Mahakama Kuu iliagiza maafisa wanaosimamia maandamano wavae sare zao na wasifiche nyuso. Nilipoisoma habari hiyo nilimkumbuka huyo mama. Alikuwa ameitoa hukumu ile miezi miwili kabla, kwenye benchi, bure.

Hapa nataka niseme wazi, maana nimechoka na mawaidha ya upande mmoja. Kila maandamano yakizuka hapa kwetu, hutokea watu wazima wenye heshima wakalalamika kwamba vijana wa siku hizi wana matusi. Kweli wanayo. Hata mimi ninayo, na nimeeleza mahali yaliponifikisha. Lakini Alhamisi ileile niliyokuwa nawapigia askari kelele Marikiti, Nairobi kijana wa miaka 29, Rex Masai, alipigwa risasi akafa. Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ilihesabu watu 60 waliouawa katika maandamano ya mwaka ule. Ukiweka tusi kwenye sahani moja ya mizani na maiti 60 kwenye nyingine, kisha ukaanza hotuba yako na tusi, basi wewe si mlezi wa vijana.

Na tena si kila kikali ni tusi. Machi 1992, akina mama wa wafungwa wa kisiasa waliokuwa wamegoma kula Uhuru Park, pamoja na Wangari Maathai, walipovamiwa na polisi, baadhi yao walivua nguo mbele ya askari walio rika la wana wao. Kwa mila za jamii nyingi za Kenya hiyo ni laana, na hakuna neno la kinywani linaloifikia kwa uzito. Wao hawakurusha jiwe. Waliokuwa wakidaiwa walikuja kuachiliwa. Askari wale wangeweza kushusha marungu, na laana isingekuwa na wa kumpata.

Nguruwe wa mwaka 2013 ndio huwa wananisumbua. Mei 14 mwaka ule waandamanaji waliwaachilia nguruwe mlangoni mwa Bunge, wamepakwa damu, kwa sababu wabunge walitaka kujiongezea mishahara. Nairobi walicheka. Kwetu, kumfananisha mtu na nguruwe ni tusi lenye ghorofa mbili, na baba yangu, ambaye alikuwa amekasirishwa na mishahara ile kuliko mtu yeyote, alizima runinga. Kwa kipimo changu nguruwe wamepita, ulafi ni kitu mtu anaweza kuuacha. Kwa baba hawakupita. Sijaumaliza ubishi huo, na baba ameshatangulia.

Kiatu je? Mei 4, 2025, kule Kehancha, kaunti ya Migori, mtu alimrushia Rais Ruto kiatu akiwa anahutubia, kikampata mkononi. Nilicheka mpaka nikatoa machozi, siwafichi. Jirani yangu askari hakucheka. "Leo kiatu," akasema, "na mimi nitajuaje kwamba kinachokuja ni kiatu?" Nilitaka kumjibu, nikakosa. Mkono ulioinuliwa unafanana na mkono mwingine wowote, na yeye ana sekunde moja ya kuamua. Sikumpa jibu lakini nilibaki nikiwaza kwamba sekunde hiyohiyo ndiyo iliyotumika kuwa kisingizio mara nyingi mno.

Mwezi uliofuata hatukuzungumza siku kadhaa. Albert Ojwang, mwalimu wa miaka 31, alikamatwa nyumbani Homa Bay kwa sababu ya maandishi ya mtandaoni yaliyomtaja Naibu Inspekta Jenerali wa Polisi. Alisafirishwa hadi Nairobi, na tarehe 8 Juni 2025 akawa amekufa akiwa mikononi mwa polisi wa kituo cha Central. Polisi wakasema alijigonga kichwa ukutani mwenyewe. Mpasuaji maiti akakuta jeraha la kichwa, shingo iliyobanwa na majeraha mwilini kote, akasema hayo hayafanani na ya mtu aliyejiumiza. Kama maandishi yake yalikuwa uongo, mahakama ya madai ilikuwepo. Ile ile aliyotueleza wakili ukumbini. Jamii yake ingeletewa hati ya kesi. Ililetewa maiti.

Wiki ile nilipopita mlango wa tatu niliangalia upande mwingine. Mke wangu akarudisha mbuzi ya nazi bila kuingia ndani. Mtoto akaniita anko, nikaitikia kwa mkono tu. Najua mnavyofikiri, kwamba mtu yule hakuwa Nairobi wala hakugusa mtu. Najua. Lakini kipimo changu mwenyewe kilinigeukia: je, yeye anaweza kuiacha ile kazi anayotukaniwa? Mshahara wake uko huko, kodi ya nyumba iko huko. Siku ya tatu, usiku, alibisha hodi. Hakukaa. Alisimama mlangoni akasema, "Jirani, sisi wengine pia tumeona aibu. Hatuna pa kuisema." Akaenda zake. Asubuhi yake nilimwomba radhi ya Digo Road, mwaka mzima umechelewa, pale pale mfereji ulipo. Akasema, "Ile? Ilishakauka." Sikumwamini sana.

Ile radhi ndiyo iliyonikumbusha deni jingine. Nambari ya yule mama nilikuwa bado ninayo. Nilikuwa nimeihifadhi kwa jina "Mbunge USIPIGE". Tarehe 24 Juni 2025, vijana wamejaa dukani kuchapisha majina ya waliouawa kwa ajili ya kumbukumbu ya kesho yake, niliingia nyuma, nikakalia kreti ileile. Safari hii ilikuwa saa kumi za alasiri. Saa ya adabu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Nani mwenzangu?"

Nikamweleza. Mwaka jana, usiku, nilipiga nikatukana, ukaniuliza swali nikakata simu. Nimepiga kukuomba radhi.

"Aah." Akakaa kimya kidogo. Nyuma yake kulikuwa na mtu anatwanga kitu. "Ulikuwa yupi wewe? Maana mlikuwa wengi. Wiki nzima ile. Kuna aliyelia. Kuna mmoja akanitukana kwa Kizungu, huyo sikumwelewa, nikamwambia ahsante."

Nikacheka bila kutaka. Nikamuuliza kama alimwambia mwanawe.

"Nimwambie nini? Nimwambie natukanwa? Ajua. Wote niliwauliza kama nilivyokuuliza wewe, mkakata. Msichana mmoja tu ndiye hakukata. Sauti yatetemeka, asema yeye ana mtoto mchanga, na kodi ile ya kwenye nepi, asema yeye hununua nepi mbili mbili, hawezi pakiti. Nikamwambia mwanangu habari zake. Na yeye akaniuliza, msichana gani huyo? Akaniuliza tena siku ya pili." Akakohoa, kikohozi kilekile. "Alifanya nini baadaye hayo ni yake na Mungu wake. Lakini aliuliza."

Mlangoni kijana alikuwa ananiita, karatasi imekwama kwenye printa.

"Haya wewe," mama akasema. "Radhi nimekupa. Mwaka mzima umepita. Wataka nimwambie nini?"

Nikamwambia asubiri kidogo, asikate, nichukue kalamu na karatasi.